Mihogo na bajia za Ngamiani

Jamani mkifika Tanga pitieni kigenge cha mihogo kule Ngamiani, mihogo ya nazi imelainika hasa, tui zito, na bajia za kunde zinatoka kwenye karai moto moto unachovya kwenye chatne ya nazi yenye ndimu na pilipili, we acha tu!

Enzi tunasoma tulikuwa tunapita hapo jioni na sare zetu, na saa hiyohiyo shifti za viwandani zinatoka, barabara nzima baiskeli tupu, wazee wa mbolea, wa chuma, wa reli, wale wa saruji kule Pongwe wanashuka na vumbi lao mwilini, wanatununulia bajia huku wanatuuliza hesabu za kichwa, ukikosea unarudia kabla hujala. Mbolea ilishafungwa kitambo, saruji bado inafanya kazi, na wazee wachache bado wanakuja hapo na baiskeli, nawapenda sana wale.

Mabenchi machache, chai sukari nyingi mno. Ukishapita magharibi mihogo imeisha, wahini. Dada anayepakua ana lugha nzuri, mwambie akuongezee tui.