Tulitangulia, tukaitwa wachelewaji: uzoefu wangu wa darasa la Krismasi mtandaoni, Kigoma

“Shule za Afrika zijifunze kuheshimu muda wa wenzao.” Maneno hayo aliyaandika mratibu wa huduma ya kuunganisha madarasa, mbele ya walimu wa Tanzania na Poland. Aliyaandika siku ambayo wanafunzi 38 wa kidato cha kwanza hapa Kigoma walikuwa wamekaa mbele ya projekta tangu saa 5 kasorobo asubuhi, mabango mikononi, wakiwasubiri wenzao wa Poland ili kila upande usimulie Krismasi ya nyumbani kwake. Walisubiri zaidi ya saa nzima. Skrini ilisema tu kwamba mwenyeji hajafungua chumba. Saa 6 kengele ya chakula ikalia, wakatoka. Dakika chache baadaye chumba kikafunguliwa, wenzao wakaingia na kukuta viti vitupu, na sisi tukahesabiwa wachelewaji.

Watoto hawakuchelewa. Walitangulia. Nataka mwalimu yeyote anayefikiria huduma za namna hii aelewe kosa lilipo, maana litampata na yeye.

Tanzania haibadilishi saa. Tuko saa 3 mbele ya UTC, ile saa ya dunia, kuanzia Januari hadi Desemba. Poland hubadilisha. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza mishale mbele na kuwa saa 2 mbele ya UTC, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha nyuma, wanabaki saa 1. Maana yake, wakati wa joto lao tunawazidi saa moja, na wakati wa baridi yao tunawazidi saa mbili. Mwaliko wetu uliandikwa mwanzoni mwa Oktoba: saa 5 asubuhi kwetu, saa 4 asubuhi kwao. Kwa siku ulipoandikwa ulikuwa sahihi. Kipindi chenyewe kilipangwa mwishoni mwa Novemba, na kufikia hapo saa 4 ya Poland ilishakuwa saa 6 mchana ya Kigoma. Mfumo wao ulifuata saa ya Poland, mwaliko wetu ukabaki na saa ya zamani, na hakuna aliyetuma hata mstari mmoja kutuonya. Kosa ni la kalenda yao, lakini lawama wamebebeshwa watoto wa Mwandiga na Ujiji.

Na hilo ni la pili. Kabla yake walituma tangazo la wazazi kwa Kiswahili, na inaonekana lilitafsiriwa na mashine, kwa sababu liliandika “saa 11 asubuhi”. Anayesoma Kiswahili anajua saa 11 ni alfajiri, jua halijachomoza. Ilibidi kupiga simu nyumba kwa nyumba jioni ile, vinginevyo mtoto angetolewa gizani kuja kukaa kwenye ngazi za darasa lililofungwa.

Kwa hiyo ukipokea mwaliko, usiamini saa iliyoandikwa upande wako. Waombe wakuandikie kwa UTC, kisha ongeza 3 mwenyewe na ugeuze jibu liwe saa ya Kiswahili: 9:00 ya UTC ni 12:00 kwetu, yaani saa sita mchana. Darasa likiwa Uingereza, tofauti ni saa 2 wakati wa joto lao na saa 3 wakati wa baridi. Finland inalingana nasi kabisa miezi ya joto, halafu inabaki nyuma saa 1. Kwa Marekani angalia zaidi: wao hurudisha saa Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna siku kadhaa ambazo Ulaya imeshabadilisha na wao bado. Ukishapata jibu, liandike ubaoni kwa maneno, “saa sita mchana”, usiache tarakimu peke yake. Siku moja kabla, mtumie mwalimu wa upande wa pili swali hili: sasa hivi kwenu ni saa ngapi? Jibu lake ukililinganisha na saa ya ukutani, kosa kama letu linaonekana papo hapo.

Tarehe nayo ina mtego wake. Shule za Ulaya huwa darasani karibu mpaka Krismasi yenyewe. Za kwetu hufungwa mapema Desemba, kwa hiyo “wiki ya Krismasi” wanayoipenda waandaaji inakuta madarasa yetu yana kufuli. Sisitiza Novemba. Ila Novemba ndiyo mvua Kigoma, na mvua ikipiga bati hakuna maikrofoni inayosikika. Dawa ni kurekodi sauti mapema, asubuhi tulivu, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, dirisha limefungwa. Dakika moja ya sauti ni kama nusu MB, wakati dakika moja ya video ya 1080 inaweza kupita MB 100, na mtandao ukikatika katikati ya kupakia, mfumo wao unaanza tena kutoka sifuri. Tuma sauti na picha tatu nne za kawaida. Kwa mazungumzo ya moja kwa moja tenga GB 2 kwa saa, tumia simu moja tu kama hotispoti, nyingine zote zizimwe data, na spika iwe moja, la sivyo sauti inajirudia mpaka watoto wanaziba masikio.

Hapo ningeishia na kuwaambia msiguse huduma hii. Lakini siwezi kusema hivyo kwa dhamiri safi, kwa sababu kipindi cha pili kilifanyika.

Hakikuandaliwa na mratibu. Aliyekiandaa ni mwalimu wa Poland. Alikaa akahesabu saa, akaona kosa, akaandika kuomba radhi ambayo hakudaiwa, akafungua chumba mwenyewe zikiwa zimebaki siku tatu tufunge shule. Nimeshiriki mabadilishano kadhaa ya aina hii, na sijaona dakika 40 zenye uzito kama zile.

Fomu ya huduma ilikuwa na nafasi tatu tu za kujaza: mti, zawadi, Baba Krismasi. Tuliiweka kando. Badala ya “Krismasi kwenu ikoje”, swali linalozaa majibu mafupi ya kitabuni, wanafunzi waliulizana: nani anaamka wa kwanza, nini kiko jikoni saa mbili usiku, kitu gani watoto hawaruhusiwi kugusa. Wenzao wakaeleza mkesha wao wa tarehe 24: hawaketi mezani mpaka nyota ya kwanza ionekane, nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza, vyakula 12 visivyo na nyama, na ule mkate mwembamba kama karatasi, opłatek, ambao kila mtu anamega kipande cha mwenzake huku akimtakia heri. Waliposema chakula chao cha usiku ule ni samaki aitwaye kapu (kwa Kiingereza “carp”), darasa letu lilinyanyuka. Samaki! Kumbe hata kwao.

Binti wa Katonga akainua mgebuka mkavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, mbele ya kamera, akaugeuza taratibu ili waone ulivyopasuliwa na kufunguka bapa kama kitabu. Akaeleza bila kubabaika: unauloweka kwenye maji ya moto mpaka ulainike, unatoa mchanga na miiba mikubwa, unachemsha mawese kidogo, usiyaache yakatoa moshi kwa sababu mboga itakuwa chungu, kisha kitunguu, nyanya, na samaki mwisho kabisa kwa sababu akipikwa muda mrefu anasambaratika. Mtoto mmoja wa Poland akauliza rangi ile nyekundu ni pilipili? Akaonyeshwa chupa ya mawese kwenye mwanga wa dirisha.

Halafu likaja jambo la kiti. Mezani kwao huachwa sahani moja na nafasi tupu kwa mgeni ambaye hakualikwa. Kijana wa Ujiji, Mwislamu, aliyekuwa amekaa nyuma kimya, akaomba maikrofoni akauliza: “Amewahi kuja mtu akakaa?” Kimya. Yule mtoto wa Poland akafikiri, akajibu kwamba kwao hajawahi, lakini sahani inawekwa kila mwaka. Kijana wetu akasema kwao ni kinyume, sahani ndiyo inayotoka: siku ya Krismasi pilau ya jirani Mkristo inaingia nyumbani kwao imefunikwa kitambaa, na siku ya Idd sahani ile ile inarudi ikiwa imejaa, kwa sababu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Mwalimu wa Poland aliomba hilo lirudiwe mara ya pili ili aliandike.

Ukiniuliza kama nilifurahi, nilifurahi sana. Ukiniuliza kama napendekeza, nitasema ndiyo kwa wazo lenyewe, na ndiyo tena ukibahatika kupata mwalimu makini upande wa pili. Nilikuwa tayari kuongeza kwamba hata huduma yenyewe inasameheka, kosa la saa humpata mtu yeyote.

Kisha vyeti vikaja. Cha wenzetu kimeandikwa “walishiriki kikamilifu”. Chetu kimeandikwa “walishiriki kwa kuchelewa”. Nimewatumia mwaliko wao wa Oktoba, picha ya skrini inayoonyesha tuliingia saa 4:47 kwa saa yetu, na barua ya mwalimu wa Poland inayothibitisha kila kitu. Limerudi jibu la kwamba vyeti vikishatolewa havibadilishwi. Vyeti 38 viko kabatini. Sitawagawia watoto vikiwa na neno lile, na nimewaandikia mara ya tatu kuwaambia hivyo.