Safari ya kuona mianga ya kaskazini: wapi pa kuweka pesa zako kwanza

Hakuna kampuni ya utalii inayoweza kukuahidi aurora, yaani mianga ya kaskazini. Unacholipia ni usiku kadhaa mahali ambapo mianga hiyo hupita mara kwa mara, na nafasi nzuri kwamba mawingu hayatakuzibia. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja kinachotangulia vingine vyote: anga safi. Chumba chenye paa la kioo, mbwa wa kuvuta sleji na chakula cha jioni kando ya moto ni vitu vizuri, lakini mawingu yakitanda havikuonyeshi kitu.

Mianga hii hutokea chembe zenye chaji kutoka kwenye jua zinapogonga gesi za angani. Kijani tunachokiona kwenye picha nyingi hutoka kwa oksijeni, kilomita 100 na zaidi juu ya vichwa vyetu. Ukanda wake huizunguka ncha ya sumaku ya dunia, ukipita juu ya kaskazini mwa Norway, Sweden na Finland, Iceland, Kanada na Alaska. Ukiwa chini ya ukanda huo huna haja ya kungoja dhoruba kubwa ya jua. Kipimo cha Kp, kinachoonyesha nguvu ya msukosuko wa sumaku ya dunia, huanzia 0 hadi 9, na Abisko au Tromsø hata Kp 2 inaweza kukupa picha ya kutundika ukutani.

1. Abisko, Sweden

Kwa pesa zangu mwenyewe, hapa ndipo pa kwanza. Ni kijiji kidogo kando ya ziwa Torneträsk, kiasi cha kilomita 200 kaskazini mwa Mstari wa Aktiki. Upepo wenye unyevu kutoka Atlantiki hukutana kwanza na milima ya mpaka wa Norway na kumwaga mvua na theluji yake huko, kama vile milima ya Pare na Usambara inavyoipunguzia Mkomazi mvua. Abisko ni miongoni mwa sehemu kavu kabisa za Sweden, na mara nyingi anga yake huwa wazi wakati majirani wote wamefunikwa.

Jambo la pili ni gharama. Ukitoka nje ya hosteli na kutembea hadi ufukwe wa ziwa lililoganda, tayari uko gizani. Hulazimiki kulipia ziara kila usiku. Mpiga picha ana bonde la Lapporten lenye umbo la herufi U la kuweka chini ya mianga, na kuna lifti ya viti inayopanda mlima Nuolja hadi kituo cha kutazamia, ingawa upepo mkali huisimamisha. Treni ya usiku kutoka Stockholm hupita Kiruna na kusimama Abisko penyewe. Kasoro yake ni kwamba vyumba ni vichache na huisha mapema, maduka ni haba, na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida.

2. Tromsø, Norway

Kama unataka mji wenye uwanja wa ndege, mikahawa na waongozaji wengi wa kuchagua, njoo huku. Bahari hupunguza baridi. Januari wastani ni nyuzi chache tu chini ya sifuri, na mtu aliyezoea joto la Dar au Mombasa atalishukuru hilo. Lakini bahari hiyohiyo huleta mawingu. Ndiyo maana hapa unanunua gari na dereva kuliko kitu kingine chochote: mwongozaji mzuri hukupeleka bara, Skibotn au hata kuvuka mpaka hadi Kilpisjärvi nchini Finland, kutafuta anga wazi.

Kabla ya kulipa, uliza: mtaenda mbali kiasi gani mawingu yakigoma? Gari linabeba watu wangapi? Suti ya baridi na tripodi vimo kwenye bei? Basi kubwa ni nafuu, lakini hushusha umati mahali pamoja na tochi za simu huharibu picha za kila mtu. Mimi ningelipia usiku mmoja katika gari dogo kuliko usiku mbili katika basi.

3. Yellowknife na Fairbanks

Kwa anga, miji hii miwili, mmoja Kanada na mwingine Alaska, inaweza kushindana na Abisko: iko bara, mbali na bahari, hewa ni kavu. Nimeishusha kwa sababu ya umbali, viza tofauti na baridi inayofika nyuzi 30 chini ya sifuri. Msomaji aliyeko Toronto au Minneapolis aipandishe namba moja bila kusita.

4. Iceland

Nenda kwa ajili ya maporomoko na barafu zinazoelea ziwani Jökulsárlón, aurora iwe nyongeza. Hali ya hewa hubadilika kwa saa na barabara hufungwa. Kama hujawahi kuendesha gari kwenye barafu, usianzie hapo, chukua ziara.

5. Rovaniemi, Finland

Pazuri kwa watoto wanaotaka kumwona Baba Krismasi, na Desemba bei hupaa. Kwa aurora, panda zaidi kaskazini hadi Inari.

Lini, na usiku ngapi

Mwisho wa Februari hadi Machi. Theluji bado ipo, mchana umerudi, bei zimeshuka baada ya Krismasi, na karibu na ikwinoksi ya Machi, mchana na usiku vinapolingana, dhoruba za sumaku zinazoleta mianga huongezeka. Nunua angalau usiku 4. Ukiwa na usiku mmoja au miwili unabahatisha.

Vifaa

Anza na nguo. Sufu mwilini, kamwe si pamba, na buti zenye nafasi ya soksi nene. Kisha tripodi imara, kisha lenzi pana ya f/2.8, inayoingiza mwanga mwingi. Bodi mpya ya kamera iwe ya mwisho. Anza na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 na shata ya sekunde 5, fokasi ya mkono juu ya nyota, faili za RAW, yaani picha ghafi zisizobanwa na kamera. Mianga ikicheza kwa kasi punguza sekunde, la sivyo mikunjo yake yote itageuka ukungu wa kijani. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani. Unaporudi ndani, ifunge kamera kwenye begi kwanza, isipatwe na umande. Simu mpya zenye modi ya usiku hutoa picha za kuridhisha, mradi uziweke kwenye tripodi.

Viza

Norway, Sweden, Finland na Iceland zote zimo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Omba kwa nchi utakayokaa usiku mwingi zaidi. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo anayetaka Machi apeleke Novemba, na achague vyumba vinavyorudisha pesa mpaka pasipoti irudi mkononi.