Devtoolset-11 kwenye CentOS 7: kompaila mpya, mfumo hauguswi

Seva za CentOS 7 bado zipo kazini ingawa matengenezo yake yalikoma 30 Juni 2024, na kompaila yake, GCC 4.8.5, haiiwezi C++17 (toleo la 2017 la lugha ya C++). Ikiwa mashine haiwezi kuhamishwa upesi, devtoolset-11, mkusanyo wa zana mpya za kujengea programu, ndiyo dawa ninayoipendekeza. Inaleta GCC 11.2.1 na kuiweka ndani ya /opt/rh/devtoolset-11. Faili ya /usr/bin/gcc haiguswi, hivyo moduli za kerneli zitaendelea kujengwa kwa kompaila ileile iliyoijenga kerneli.

Kazi iko kwenye kuisakinisha. Anwani ya mirrorlist.centos.org imezimwa, kwa hiyo yum, amri ya kusakinisha vifurushi, hugoma tangu mwanzo. Fungua faili za /etc/yum.repos.d, tia # mbele ya kila mstari wa mirrorlist, iondoe mbele ya baseurl, na mirror.centos.org igeuze vault.centos.org. Sakinisha centos-release-scl, kisha rudia marekebisho yaleyale, maana kifurushi hicho huja na faili zake zenye anwani hiyohiyo iliyokufa. Hapa ndipo wengi hukwama. Halafu:

yum install devtoolset-11-gcc-c++
scl enable devtoolset-11 bash

Amri ya pili hufanya kazi kwenye terminali hiyo tu. Katika skripti andika source /opt/rh/devtoolset-11/enable. Mradi uliokwisha kupitishwa CMake (zana ya kuandaa ujenzi wa programu) ufutie CMakeCache.txt, la sivyo utaendelea kujengwa kwa 4.8.5.

Ubora mkubwa wa devtoolset-11 uko kwenye libstdc++, maktaba ya kawaida ya C++: vipande vipya ambavyo mfumo hauna huingizwa ndani ya programu yenyewe, nayo hukubali kwenye CentOS 7 nyingine isiyo na devtoolset. Ukijijengea GCC 11 mwenyewe kutoka chanzo, ukahamishia programu seva nyingine bila maktaba yake, utakutana na "GLIBCXX_3.4.29 not found".

Mipaka ipo. glibc, maktaba ya msingi ya C ya mfumo, inabaki 2.17, kwa hiyo Node.js 18 rasmi, inayodai 2.28, haitawaka. std::string nayo inabaki ya muundo wa zamani hata ukiweka _GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=1; maktaba iliyojengwa kwingine kwa muundo mpya itakupa "undefined reference" yenye std::__cxx11, na tiba ni kuijenga upya hapohapo.

Msimbo mkongwe wa C hutoa "multiple definition", kwa kuwa tangu GCC 10 chaguo la -fno-common, linalokataa kigeu kimoja cha jumla kufafanuliwa kwenye faili zaidi ya moja, limekuwa la kawaida. Weka extern kwenye faili ya .h na tamko kamili kwenye .c moja tu. -fcommon itakuvusha leo, ila kosa linabaki kwenye msimbo.