Kundi la WhatsApp la duka la dawa mjini Moshi, baada ya miezi minane

Mteja anayenunua dawa za kila siku katika duka moja la dawa hapa Moshi huunganishwa bila malipo kwenye kundi lake la WhatsApp, nami nimekuwemo kwa miezi minane.

Kinachonifanya nisijitoe ni mfamasia mwenyewe. Kila siku, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, hujibu maswali kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na hasemi lolote kuhusu dawa mpaka aone picha ya pakiti yake. Mama mmoja aliuliza kama anaweza kumpa mwanawe antibayotiki ya maji iliyobaki chupani tangu mwaka jana. Alijibiwa kwamba dawa ya unga ikishachanganywa na maji hudumu wiki moja au mbili tu, kwa hiyo aiache na ampeleke mtoto akapimwe. Nina hakika si yeye peke yake aliyekwenda kukagua kabati lake usiku ule.

Kasoro ya kundi ilinigusa nyumbani. Mwanachama mmoja alisambaza ujumbe wenye ile mishale miwili, inayoonyesha kwamba umeshapita katika simu nyingi, uliodai kuwa kitunguu saumu na limau huzibua mishipa na kwamba mgonjwa wa presha anaweza kuacha vidonge. Ulikaa siku mbili bila kukanushwa. Mama yangu, anayeishi Kibosho, aliuamini kwa sababu ulitoka, kwa maneno yake, "kwenye kundi la daktari", akavifungia vidonge ndani ya kopo la biskuti. Nilimpima presha: 178 kwa 104, ilhali kwa dawa huwa hafiki 140 kwa 90. Hakuwa akisikia maumivu yoyote, na presha ndivyo ilivyo.

Nilipolalamika, mfamasia aliomba radhi, akaufuta ujumbe ule na kulifunga kundi ili wasimamizi pekee waandike. Sasa maswali hutumwa kwake faragha, naye huyasoma kundini bila kutaja jina. Mama amerudia vidonge vyake.

Ningewashauri wenye wagonjwa wa kudumu wajiunge, na saa ambazo mfamasia hayupo wapige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Lakini namba zetu bado zinaonekana na wanachama wote, na muuza unga wa mitishamba ameshanipigia mara mbili. Hilo nalo nimemwandikia mfamasia.