Miaka Minne na Mercedes-Benz 280 SE Katika Chumvi ya Malindi

Mimi ni seremala. Nilizaliwa Lamu, mji ambao vichochoro vyake hupitisha punda na mkokoteni lakini si gari, na kazi ya milango niliyojifunza huko ndiyo inayonilisha hapa Malindi. Nayataja haya mapema kwa sababu sikulikagua gari hili kwa macho ya dereva wala ya makanika. Nililikagua kwa kidole na sikio, kama ninavyokagua kazi ya fundi mwenzangu, na anayetafuta habari za mbio atanisamehe.

Gari lenyewe ni la mwaka 1983, la kizazi cha W126 kilichozinduliwa Frankfurt mwaka 1979. Lina injini ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 2.8. Nililinunua kwa mzee mmoja wa Mombasa aliyekwisha kuchoka kuendesha.

Kilichonivuta kwanza ni mlango. Kwetu mlango hausifiwi kwa nakshi za usoni pekee; hugeuzwa, ukatazamwa mgongo, ikaonekana ndimi za mbao zilivyoingia katika matundu yake na mfaa, ule ubao wa katikati, ulivyolala pasipo kuacha upenyo. Mlango wa gari hili ni mzito, lakini ukisukumwa kwa kiganja tu hujifunga kwa mlio mmoja wa chini usio na mtetemo, na bawaba zake, baada ya miaka zaidi ya 40, hazijashuka hata kwa unene wa msumari. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa majahazi, alipokuja kututembelea hakungoja kukaribishwa ndani: aliligonga ubavuni kwa vifundo vya vidole, kama wanavyogonga ubao wa chombo kusikiliza kama umeoza, akazunguka mpaka upande wa pili, ndipo akaniambia, "Haya, mpwa wangu, tupande."

Ndani, dashibodi imepambwa kwa zebrano, mti wenye mistari myeusi unaoota Gabon na Kamerun. Mti wa Afrika ulikwenda Ujerumani, ukachanwa maganda membamba, ukarudi pwani yetu ukiwa pambo la gari. Nimeutazama sana. Mistari imepangwa kwa uangalifu, na vanishi yake imepasuka mahali pamoja tu, palipokuwa pakichomwa na jua la saa nane. Hapo nimepaacha jinsi palivyo, kwa sababu sijajiamini kwamba mkono wangu utapata rangi ileile.

Lakini ubora wa kazi hii nimeuona zaidi katika vitu ambavyo mnunuzi hakuviomba. Vitufe vya kusogeza kiti vimewekwa mlangoni navyo vimeundwa kwa umbo la kiti chenyewe, hivi kwamba ukikilaza kile kipande cha mgongo, mgongo wa kiti nao unalala. Mama yangu, ambaye hasomi maelezo ya kitu chochote, alivielewa mara moja. Taa za nyuma zina mifuo ya ulalo, ili tope linapoganda kwenye matuta ya nje, sehemu za ndani zibaki safi na taa iendelee kuonekana. Nililithibitisha hilo wakati wa masika, nikitoka barabara ya udongo. Boneti nayo husimama wima kabisa, na fundi hufanya kazi bila kuinamisha shingo. Aliyebuni hilo alimfikiria mtu mwenye mikono michafu ya grisi, na mimi humheshimu kwa hilo kuliko kwa ngozi ya viti.

Vitasa hufungwa kwa nguvu ya hewa ipitayo katika mirija myembamba, pamoja na buti na kifuniko cha tangi la petroli. Kwangu viliacha kufanya kazi kwa miezi miwili, baada ya gereji moja kukata mrija ikitia redio. Kuutafuta ulipokatwa kulichukua siku nzima. Kuuunga kulichukua dakika tano.

Safari ya Malindi hadi Mombasa, yapata kilomita 120, hunila karibu lita 15 za petroli, nami sikutarajia pungufu ya hapo. Barabarani, ukipita kando ya msitu wa Arabuko Sokoke, unaweza kuzungumza na aliyeketi nyuma kwa sauti ya chumbani.

Adui ni chumvi. Upepo wa kusi huileta usiku kucha, na gari lolote linalolala karibu na bahari hulipia. Mimi hulimwagia maji baridi kila Ijumaa, mpaka chini ya matao ya magurudumu, na bado nimekwisha kukwangua kutu mara mbili kwenye pembe za kioo cha nyuma. Anayetaka kununua la aina hii hapa pwani ainue mazulia na kisanduku cha tairi la akiba, apapase kwa vidole, na asiharakishwe na rangi mpya; rangi mpya kwenye gari la zamani mimi huiogopa.