TAHADHARI: Jiko la "titani" la gramu 45 na mitungi ya gesi ya baridi, msitume hela kwa huyu mtu

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira ila bora niseme mapema kabla mwingine hajapigwa. Kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na vijiko vidogo vya gesi vya kukunja, vile vya kufunga juu ya mtungi, na anawalenga kabisa wawindaji wanaolala porini siku tatu nne. Maneno yake matamu: titani tupu, ile metali nyepesi, gramu 45, halafu kwenye ofa unapewa mitungi miwili ya gesi ya baridi, yaani ya kuwaka hata kwenye baridi kali. Mnajua wenyewe ukienda kuwinda mbali na gari kila gramu unaihesabu, kwenda una bunduki, hema na maji, kurudi Mungu akijalia una nyama mgongoni, sasa mtu akikuambia gramu 45 lazima usikilize.

Dalili ya kwanza aliitoa mwenyewe, akaniambia tusilipane kwenye ukurasa wa mauzo, tulipane pembeni anipunguzie. Nikakubali. Hapo ndo ulinzi wote wa mnunuzi ulipoisha maana malipo ya pembeni hakuna wa kukurudishia.

Mzigo ukafika, boksi safi kabisa. Nikaweka jiko kwenye mizani ya jikoni ikasoma 112. Nilitakiwa nisimame hapohapo lakini safari ilikuwa kesho yake. Niliporudi ndo nikaleta sumaku, ikanasa paa! Titani hainasi sumaku, alumini nayo hainasi, kwa hiyo nilichouziwa ni chuma kimepakwa rangi ya kijivu. Ila msitegemee sumaku peke yake, kuna chuma cha pua nacho hakinasi, mizani ndo haidanganyi.

Sasa huko porini. Asubuhi ya kwanza barafu imeganda juu ya hema, nawasha nipate maji ya moto, moto ukawaka dakika moja ukaanza kufifia mpaka ukawa kama wa mshumaa, na mtungi bado mzito mkononi. Nikauweka ndani ya koti upate joto la mwili, nikawasha tena ukawaka vizuri kidogo halafu ukafa tena. Hiyo tabia ni ya butani tupu. Butani ya kawaida inaacha kugeuka mvuke ikifika kama nusu digrii chini ya sifuri, isobutani inavumilia mpaka karibu -12, propani mpaka -42, ndo maana mtungi wa baridi wa kweli unakuwa na mchanganyiko wa isobutani na propani. Isitoshe gesi ikitoka mtungi unajipoza wenyewe, kwa hiyo hata kabla hewa haijafika sifuri butani inaanza kusumbua. Lebo ya kwangu iliandikwa mchanganyiko, ndani alijaza butani ya bei rahisi.

Hayo ya chai ya baridi ningesamehe. Jioni ya pili nikasikia harufu ya gesi, kuangalia naona moto wa bluu unalamba shingo ya mtungi, chini ya koki kabisa, pale jiko linapofungwa. Nilikuwa nje, nikarudi nyuma mpaka ukazima. Ile oringi, mpira unaozuia gesi, ilikuwa ngumu kama plastiki na ina ufa. Mvua ingekuwa inanyesha ningekuwa nimejibanza mlangoni mwa hema na lile jiko, sipendi hata kufikiria.

Mtungi wa pili sikuugusa, nikaupima nyumbani. Umeandikwa gesi gramu 230, mitungi ya saizi hiyo ikijaa vizuri huwa inakuja kama 380 pamoja na chuma chake, huu ulisoma 421! Maana yake ameujaza upya kupita kiasi, na gesi ikiwa kimiminika ndani ya mtungi inahitaji nafasi ya kutanuka, ukiuacha kwenye gari juani unaweza kupasuka. Vali yake ina mikwaruzo ambayo mtungi mpya hauwezi kuwa nayo.

Nikamwandikia, akasema nimefunga vibaya. Nikatuma picha za mizani na oringi, akanibloku.

Kama unanunua kwa mtu usiyemjua mwambie atume video jiko likiwa juu ya mizani, na karatasi ya tarehe ya leo pembeni, huyu wangu nilipomuomba alisema simu yake mbovu na mimi nikapita tu. Mitungi nunua duka lenye jina, usichukue ya ofa. Na jiko likifika lifunge kwenye mtungi ukiwa nje, paka maji ya sabuni kwenye maungio kabla hujawasha, mapovu yakitoka usiende nalo popote.

Akaunti yake ameshabadilisha jina, nimeiona tena juzi. Picha hajabadilisha: jiko limekaa juu ya jiwe la kijivu, pembeni kuna kikombe chekundu kimebonyea ukingoni. Ukiiona hiyo picha, ni yeye.