Uzoefu wangu: rangi ya UV na tochi yake kutafuta liki ya oili kwenye IST

Aliyenifanya ninunue hiki kitu ni mama mwenye nyumba. Kaweka pevingi mpya uwanjani hapa Tabata, na kila asubuhi nikitoa gari panabaki doa jeusi la ukubwa wa kifuniko cha soda. Akaanza kiutani, "baba, hilo gari lako linajikojolea usiku", baadae utani ukaisha akasema nipaki nje ya geti au nilipie pevingi zake. Nje ya geti kwa mtaa wetu unaamka huna vioo vya pembeni, kwahiyo ikabidi nihangaike.

Gari ni Toyota IST ya 2003, injini aina ya 2NZ, cc 1300, imeshatembea sana kabla haijafika kwangu na kwangu imetembea zaidi. Oili ilikuwa inashuka kwenye stiki ya kupimia toka alama ya juu hadi karibu na ya chini ndani ya wiki tatu hivi, na injini hiyo hainywi nyingi, lita 3.7 tu ukibadilisha pamoja na filta, kwahiyo ikipungua lita moja sio mchezo. Halafu nikikaa kwenye foleni ya Buguruni harufu ya oili inayoungua inaingia ndani kupitia matundu ya AC, gari ikitembea harufu inapotea. Hiyo harufu ndo ilikuwa jibu lenyewe ila wakati huo sikujua.

Nikaenda gereji moja, sitaitaja. Fundi kalala chini dakika mbili, kaona oili imelowa pale injini inapokutana na giaboksi, akatoka na hukumu: "kaka hiyo ni sili ya nyuma ya krenki, hapo tunashusha giaboksi", yaani ile ringi ya mpira inayozuia oili isitoke pale shafti ya injini inapotokeza kwenda kwenye giaboksi. Laki mbili na nusu ufundi peke yake. Simwiti muongo, sili hiyo ikifa kweli oili inatokea palepale. Tatizo langu ni kwamba hakufuta kitu na hakuangalia juu hata mara moja. Oili ni kama bati linalovuja, tundu liko huku maji yanadondokea kule, inafuata mteremko na gari ikiwa kasi upepo unaisukuma nyuma, mpaka unakuta injini nzima chini imelowa na huwezi kujua ilianzia wapi.

Nikarudi nyumbani nikafanya ujinga kwanza. Nilinunua ile dawa ya kuziba liki unayomimina kwenye oili, elfu 22, muuzaji akaniapia kabisa. Siku kumi, doa liko vilevile. Nikaja kuelewa baadae kwamba zile dawa zinalainisha mpira ili uvimbe kidogo uzibe, sasa kama gasketi, yaani ule mpira unaokaa katikati ya vyuma viwili kuzuia oili isitoke, imeshakauka na kupasuka hakuna cha kuvimba. Kwa sili inayotoa jasho tu labda, mimi kwangu pesa imeenda.

Ndo nikachukua rangi ya UV, ile inayowaka ukiimulika na tochi ya mwanga wa zambarau. Ni kachupa ka ml 30, nikapata pamoja na tochi na miwani ya njano kwa elfu 35 Gerezani, duka la vifaa vya mafundi AC. Angalizo hapo hapo: kuna ya gesi ya AC na kuna ya oili ya injini, muuzaji alitaka kunipa ya AC akasema zote ni moja, mwambie asome chupa. Namna yake ya kufanya kazi ni rahisi, unaimimina kwenye oili, unaendesha dakika kama kumi na tano au hata siku nzima ili izunguke, halafu usiku unamulika, palipovuja panawaka njano ya kijani kama jaketi la trafiki.

Kabla ya hapo lazima uoshe injini, hii usiruke. Mimi nilitumia sabuni ya unga na brashi, oltaneta (inayochaji betri) na koili (za kuwasha plagi) nikazifunga na mifuko ya plastiki, injini ikiwa ya baridi. Wapo wanaoosha na petroli, mimi hapana, nina watoto wanaozunguka hapo uwanjani.

Jaribio la kwanza niliharibu mwenyewe. Wakati namimina mkono ukatikisika, rangi ikamwagika kidogo pembeni ya kifuniko cha oili nikafuta na kitambaa kijuujuu. Usiku namulika, injini yote juu inawaka kama disko! Nikakaa chini kabisa, nikajua hii sasa ni injini ya kutupa. Kumbe nilikuwa naangalia uchafu wangu. Nikanunua breki klina kopo moja, nikasafisha mpaka tochi haioni kitu, nikaendesha tena kwenda Mwenge na kurudi. Kwahiyo ukinunua tumia faneli, na kitambaa ulichofutia usikiguse tena maana kila unapoweka mkono panawaka.

Usiku wa pili umeme ukakatika mtaa mzima, kwa mara ya kwanza maishani nikashukuru, giza totoro, hiyo tochi inapenda giza. Chini kwenye giaboksi pakawaka, sawa na fundi alivyosema. Ila nikafuata ule mstari kwa kupanda, na ukawa haukatiki, unapanda pembeni ya injini upande wa ekzosi, mpaka kwenye kona ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu kabisa ya injini. Pale ndo palikuwa pamewaka mstari mzima. Gasketi ya tapeti kava, bwana. Oili inatoka juu, inadondokea kwenye ekzosi ya moto (ndo ile harufu ya foleni), inayobaki inateleza hadi chini nyuma na kujifanya sili ya krenki. Laki mbili na nusu yangu ilikuwa inakwenda kushusha giaboksi isiyo na kosa.

Kufunga mwenyewe ni kazi ya asubuhi moja ya Jumapili, nati karibu zote ni spana namba 10. Unatoa koili nne, unachomoa mipira miwili ya hewa, unafungua kava taratibu. Gasketi niliyoitoa haikuwa mpira tena, nilipoikunja ikakatika kama tambi mbichi. Mpya zilikuwepo za aina mbili, ya elfu 12 na ya elfu 38 ambayo muuzaji anasema ni orijino. Nilichukua ya bei maana ile ya 12 nilipoibonyeza na kucha alama ikabaki. Nenda na ya zamani mkononi ulinganishe.

Mambo mawili ambayo mafundi wengi wanayakosea. La kwanza silikoni: kwenye hii injini unaweka tone dogo kwenye zile kona mbili tu ambapo kava ya cheni inakutana na silinda hedi, basi. Kuna watu wanazungushia kava nzima kama wanapamba keki, inayozidi inamegukia ndani na inaweza kwenda kuziba chujio la pampu ya oili, hapo unakuwa umetibu mafua ukapata homa ya mapafu. La pili kukaza. Nati za kava zinatakiwa nyutoni mita 10 tu (ndo kipimo cha nguvu ya kukaza), ni kidogo kuliko unavyodhani, niliazima torki renchi, spana inayopima nguvu hiyo, kwa jirani anayefanya kazi bandarini. Ukikaza kwa hasira gasketi inabinyika na liki inarudi, au unakata uzi kwenye aluminiamu na sasa ndo utaijua Dar.

Nikacheki na valvu ya PCV, ile inayotoa mvuke ndani ya injini, inatakiwa ukiitikisa ilie chaka chaka, yangu ilikuwa bubu. Ikiziba, mvuke wa ndani ya injini unakosa pa kutokea, presha inasukuma oili kwenye gasketi na sili. Nikaweka mpya, bila hivyo ningekuwa nabadilisha gasketi kila mwaka na kulaumu Wachina.

Sasa kuhusu bidhaa yenyewe. Rangi naipa nne kwa tano, ilifanya kilichoandikwa. Tochi mbili kwa tano, mwanga hafifu, betri ziliisha usiku wa tatu, na nilipojaribu tochi ya wakala wa pesa hapo kona, ile ya kukagulia noti, ilimulika vizuri kuliko hii. Miwani ni ya kuchezea watoto. Kama pesa inabana, osha injini, kausha, mwagia poda ya mtoto maeneo unayoyashuku, endesha dakika kumi, oili itachora njia yake yenyewe kwenye weupe. Kwa liki kubwa inatosha kabisa, rangi inakuwa na faida pale ambapo inavuja kwa kudokoa na macho hayaoni.

Ni wiki ya tisa sasa, nimeshaenda Morogoro na kurudi, oili kwenye stiki haijashuka, na boksi ninalotandika chini usiku liko kavu. Kuna kajasho kadogo kwenye oringi (ringi ya mpira) ya valvu ya VVT, ile inayopitisha oili ya kurekebisha muda wa valvu za injini, nilikaona kwa tochi, hako nitashughulika nako nikimwaga oili.

Mama mwenye nyumba karidhika, pevingi nilizisugua na sabuni ya unga na mchanga mpaka mchana huoni kitu. Usiku nikimulika na ile tochi lile doa bado linawaka pale pale, la kijani kabisa. Sijamwambia.